Tochi Kwenye Kioo Cheusi

Tupokigwe ameileta mgongoni kutoka Katumba,
blanketi moja, kanga mbili, mvua ya Tukuyu nyuma yake.
"Inaongea," akasema, "ila haionyeshi.
Fundi wa Mwanjelwa kaitazama dakika mbili,
kasema kioo kimekufa, ninunue nyingine."

Mimi hilo neno silitamki kabla ya kufungua.

Nikachomeka. Kitaa chekundu kikageuka kijani,
sauti ikatoka, mtu anasoma bei ya mbolea,
na mtu mwenyewe hayupo.
Nikazima balbu ya dukani,
nikabandika tochi ya simu kwenye ule weusi, nikailaza kidogo:
mle ndani, hafifu, kama mchuma chai kwenye ukungu,
tai, bega, mdomo unaotembea.
"Njoo uchungulie."
Akainama. "Kumbe yumo!"
Yumo. Hakwenda popote. Amekosa wa kummulika.

Skrubu kumi na nne nikazipanga juu ya kifuniko cha ndoo
vilevile zilivyokaa, maana ndefu ikikosea tundu hutoboa.
Fyuzi nzima. Kapasita hazijavimba.
Mende mmoja, mkavu, kwenye kona yenye joto,
na nani amlaumu, kwa baridi hii.

Sasa kuinua kioo. Hapa siongei, na redio nazima.
Ni chembamba kuliko chapati,
kikipinda unene wa ukucha, ufa wake hauna fundi.
Mwaka wangu wa kwanza nilivunja kimoja,
nikakilipa kwa ndizi za mama, mikungu ishirini na sita,
na mama aliihesabu kwa sauti.

Chini ya karatasi nyeupe, taa kumi na nane, kanda tatu.
Mita mkononi: hii inawaka. Hii inawaka. Hii.
Ya kumi na moja kimya,
doa jeusi katikati, jicho la kunde.
Zimeungwa mfululizo, umeme hupita mkono kwa mkono,
mmoja akiachia, wote wanalala giza.
Usitafute methali hapa. Ni waya.

Nikang'oa taa nzima kwenye runinga ya Mwalimu Ambindwile,
ile ambayo mwanawe aliipiga penalti sebuleni.
Risasi ikayeyuka. Moshi, harufu ninayolala nayo.

Mvua haikuwa na haraka, na Tupokigwe naye akaanza kusimulia.
"Miezi mitatu tumeisikiliza tu, fundi.
Mama mkwe macho yalimtoka mwaka juzi,
na kila siku alikuwa mtu wa kuuliza:
nani kaingia? mbona kimya? wanacheka nini?
Basi giza lilipotukuta wote,
tukawa sisi tunamuuliza yeye.
Anatuambia, huyo ni yule wa viatu virefu,
anadanganya, sikilizeni anavyovuta pumzi.
Na kweli, mwisho wa wiki tunakuta kadanganya.
Watoto wamemhamishia kiti katikati."

Nikarudisha kioo, karatasi, skrubu, ya kumi na nne mwisho.
Nikawasha.
Rangi zikajaa duka mpaka kwenye mabati,
nyekundu ya gauni la mtu, kijani cha uwanja.
Tupokigwe akatazama. Akatabasamu kwa mdomo tu.
Akahesabu elfu thelathini na tano, noti zimelowa pembe,
hakuondoka.

Nikachukua rimoti.
Kuna kitu kimefichwa kwenye orodha, ukurasa wa tatu,
wateja wengi hawakifikii:
unazima picha, sauti inabaki.
Nikamwonyesha. Weusi, na mtu anaongea.
Nikabonyeza tena, mtu akarudi.
"Hebu nipe."
Akabonyeza mwenyewe, midomo ikihesabu, mara nne, mara tano,
hadi kidole kikakariri njia.

"Tamthilia yake ni Jumanne na Alhamisi," akasema,
akaanza kuifunga,
kanga kwanza, kisha blanketi.