Tobo Lililorukwa

Daktari Zuwena alinichorea kwanza:
uti wa mgongo, neva zikishuka kama mizizi.
Sikuelewa.
Nikamtolea kofia iliyokuwa mkobani,
ya viua, nusu imeshonwa.
Akapitisha kidole juu ya matobo
mpaka akafika pale nilipokosea
usiku ule umeme ulipokatika Wete.
"Hapa," akasema. "Ni hapa tu.
Tobo moja limerukwa,
ua zima limekwenda upande."

Kumbe mimi na Faki, kila mmoja,
tulikuwa na kosa letu mfukoni
miaka yote, tukila muhogo, tukigombana,
hatuna habari.
Shaame akayarithi yote mawili.
Ana miezi saba.
Macho yake yanamfuata paka, nzi,
taa ya simu, kila kinachopita;
shingo haifuati.

Dawa, anasema, ni kirusi.
"Kirusi, daktari? Ndani ya mtoto?"
Kimekombwa, anasema, kama dafu.
Ubaya wake umetolewa,
kimebaki kifuu,
na ndani ya kifuu wametia
ule uzi unaokosekana.
Njia kinaijua; kilizaliwa kinaijua.
Kitapiga hodi kwenye seli za neva,
kitatua mzigo, kitapotea.
Hamali asiyengoja ujira.

Mama mkwe, Bi Mize,
aliyenuna tangu tushuke gari Mkoani,
akasema kwa hasira, si kwa hekima:
"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya.
Bei?"

Bei ilikuwa kwenye karatasi.
Nilihesabu masifuri kama nihesabuvyo matobo,
nikapotea, nikaanza tena.
Kofia moja, miezi miwili.
Umri wangu hautoshi, wala wa Faki,
hata tukiuunganisha na wa mama yake.
Jina la Shaame limo kwenye orodha.
Orodha iko Dar, au mbali zaidi,
hakuna aliyenijibu sawasawa.
Nacho nilichokisikia vizuri ni hiki:
seli za neva hazisubiri orodha.
Zinazima kimyakimya,
na iliyozima
hata mgeni akija haifungui mlango.

Kila asubuhi nampigia simu daktari.
Siku hizi haniambii "subiri",
ananiuliza tu, "Amenyonya?"
Amenyonya. Taratibu, lakini amenyonya.

Na mimi nashona.
Lile kosa nimelifumua, nimelirudia
mchana, mlangoni, penye mwanga.
Ni kofia yake,
ya kichwa kilichosimama.
Kipimo nimekibuni.