Ndoo ya Kutemea

Chupa sita zimevishwa soksi za kuchezea mpira
ili nisisome nasaba zao.
Shingoni kila moja ina kikaratasi chenye nambari.
Chumba cha nyuma, hoteli ya Singano, Chumbageni;
feni inazunguka kama mtu aliyelazimishwa,
na joto la Machi limeketi nasi mezani
bila kualikwa.

Singano aliniambia: Bi Mntambo,
ulionja chai Amani miaka ishirini na miwili,
ulimi ni ulimi.
Nikamjibu, ulimi si ulimi.
Chai hukusalimu kwanza, ndipo iseme lake.
Hii divai nyekundu ya Dodoma siijui hata ubini.
Lakini ada ya mjukuu ilikuwa haijalipwa. Nikaja.

Kanuni ni ileile: vuta kwa kishindo,
igongeshe kaakaani, izungushe, tema.
Ndoo ya bluu iko miguuni.
Miaka yote ile sikumeza hata kijiko.
Anayemeza, alisema aliyenifundisha,
hapimi huyo, anakunywa.

Ya kwanza: rangi ya maji ya rosela.
Nyepesi, haina ugomvi, haina habari.
Kumi. Nikatema.

Ya pili imejipulizia marashi:
mbao mpya, vanila, sukari iliyoungua kidogo.
Inajua kuingia sebuleni na kuvua viatu.
Kumi na sita. Nikatema.
(Soksi ilipovuliwa ilikuwa ya ng'ambo,
Singano kaichomeka kimyakimya, anitege.
Sikubadilisha alama. Haki haina shemeji.)

Ya tatu, toba!
Nimekulia Ngomeni, jirani na mashine ya mkonge;
najua harufu ya maganda yaliyolala majini wiki nzima.
Nayo hiyo hapo, imesafiri kutoka bara
kuja kunikumbusha kwetu.
Nne. Nikatema mara mbili.

Ya nne ilichelewa kusema.
Ugwadu mbele, kama kunazi mbichi;
kisha ukakasi ukaukamata ulimi,
ule wa zambarau uliyoiiba kabla haijaiva,
mashavu yanavutana, meno yanavaa kitambaa.
Nilikuwa nimekwisha kuinamia ndoo
kikaja kitu kingine, nyuma kabisa:
vumbi likipigwa na matone ya kwanza,
na mahali fulani, mbali, mtu amewasha kuni.
Nikaandika kumi na mbili. Nikafuta.
Nikaonja tena. Nikaandika kumi na mbili.

Ya tano na ya sita ni ndugu,
tamu kama juisi ya harusi.
Sina la kusema, na aliyezitengeneza
naye hakuwa nalo.

Nje, kwenye benchi la jikoni,
mwanamume wa Hombolo anasubiri tangu alfajiri.
Ndahani Chilewa. Alishuka basi la usiku
na katoni mapajani, hakusinzia asije akaiangusha.
Mwanatumu wa jikoni, ambaye kilevi hakigusi, amempa chapati,
naye amemsimulia: mwaka jana zabibu walizimwaga barabarani,
mnunuzi kaja na bei ya matusi;
zilizobaki alizikanyaga mwenyewe
katika pipa la mtama la marehemu mamaye.
Mimi sikuyajua hayo. Sikupaswa kuyajua.

Saa nane Mwanatumu akaja kuchukua ndoo.
Akaichungulia, akazitazama chupa
kama anavyohesabu vijiko baada ya shughuli.
"Bi Mntambo, hizi zote ziko nusu.
Hii ya nne imekwenda wapi?"

Nikaitazama ndoo. Nikaitazama bilauri.
Karatasi ilikuwa kwa Singano tayari, wino umekauka.

Ndahani kasimama mlangoni, kofia mkononi.
"Vipi, mama?"
Nikamwambia aisubirishe mwaka mmoja zaidi,
pipa alisugue kwa maji ya moto,
ukakasi utatulia wenyewe, ugwadu ndio wa kuchungwa.
Nikamsomea alama yake, kumi na mbili kati ya ishirini.

Sijui kama alinisikia.
Alikuwa anayatazama meno yangu.