Nukta ya Risasi

Tulishuka Stesheni ya Tugu saa kumi na moja alfajiri,
mimi na Kinasih, na kati yetu begi,
kila mmoja ameshika mpini wake
ili tusishikane mikono.

Baba yake alibaki Surabaya na zamu zake za bandari.
"Mpeleke Yogya," alisema, "mji wa mama yake.
Akaone." Hakusema akaone nini.

Basi tukaona.
Tukaona fenesi bichi lililochemka usiku kucha
na sukari ya mnazi, hadi likawa rangi ya mlango wa kale.
Bi Ngatini alilipakua juu ya jani, akaongeza yai,
akauliza, "Binti yako?"
Mtoto akajibu kabla yangu:
"Mke wa baba."
Kwa adabu kabisa, kama anayemsahihishia mtu anwani.

Kotagede, nyundo za wafua fedha zilikuwa kazini,
ti, ti-ti, ti,
na vichochoro vyembamba hata kivuli kinapita ubavu.
Hapa Murtinah alikulia. Nyumba ipo.
Mlango umepakwa kijani,
na anayeishi ndani anafuga tetere kizimbani.
Kinasih alisimama pale muda wa kumenya chungwa.
Sikusema neno. Pana mahali hata pole ni kelele.

Mchana, Prambanan:
minara imesimama kama moto ulioganda,
na kwa mbali Merapi anavuta moshi wake taratibu,
mwenye nyumba asiye na haraka ya kudai kodi.
Tulisimuliwa habari ya mahekalu elfu kasoro moja,
na ya binti mfalme aliyegeuzwa jiwe ili hesabu itimie.
Kinasih akakunja uso. "Yeye alitaka kuhesabiwa?"
Mwongozaji aligeuza karatasi yake, akaigeuza tena.

Lakini ni Plaosan, ng'ambo ya mashamba ya mpunga,
tulipomkuta Tukijan, kofia ya plastiki, kandambili,
katikati ya vifusi vilivyoandikwa namba kwa chaki.
Alikuwa akipachika jiwe juu ya jiwe, akilitoa, akitukana kidogo.
"Mimi mshenga," alisema. "Natafutia mawe wenzao.
Hili nimelichumbisha mara kumi na moja. Linakataa."

Kinasih hakuwa akisikiliza.
"Hii nini?"
Kidole chake kilikuwa ukutani, juu ya nukta ya kijivu,
ndogo kuliko punje ya kunde.
"Risasi."
Akarudisha mkono upesi.
"Si ya bunduki, mwanangu. Madini tu.
Jiwe likipotea, tunachonga jipya, tunaliweka mahali pake,
na tunalitia alama, mtu asije akadanganyika
kwamba lilikuwapo tangu mwanzo."
"Na linabeba?"
"Litoe uone. Lile la juu litakushukia kichwani."

Mimi nilikuwa natazama bata kwenye mpunga.
Bata wengi. Niliwatazama sana.

Alizihesabu nukta hadi thelathini na moja,
ndipo sisimizi akamuuma, akalia,
akalia kuliko sisimizi,
na nikamshikia kiatu, kwa kuwa ndicho alichonipa nishike.

Usiku, ndani ya treni, alitaka kalamu yangu.
Nilidhani atachora.
Akanivuta mkono, akabonyeza nukta moja ya wino
penye mfupa wa kifundo. Hakutabasamu.
Akafunga kalamu, akalala ameegemea dirisha,
si upande wangu.
Solo ikapita. Madiun ikapita na taa zake chache.

Leo ni siku ya tatu
naosha vyombo kwa mkono mmoja.