Punje Kumi na Tisa

Watu husema mwanangu alikuwa akikoroma.
Hawakulala chumba kimoja naye.
Kukoroma ni neno la mchana, la kuchekea barazani;
mimi nilisikiliza pale mkoromo unapokatika.

Anakoroma, anakoroma, halafu kimya.
Kifua kinapanda kama mtu anayesukuma mlango
uliokomewa kwa ndani.
Nami gizani navuta tasbihi,
moja, mbili, tatu, nne.
Sikuwa nikimtaja Mola, Mola anisamehe,
nilikuwa nahesabu pumzi ambayo haijaja.
Usiku mmoja wa Rajabu zilipita punje kumi na tisa.
Ya ishirini niliishika, sikuiachia,
mpaka aliposhtuka, akahema, akageuka,
akaita "Mama" bila ya kuamka.

Shaame alikuwa na miaka kumi na sita.
Asubuhi shuka limerowa jasho, kichwa kinamgonga,
na skuli anasinzia juu ya daftari,
mate yakifuta alichokiandika.
Mwalimu Bikombo akasema mvivu.
Shemeji yangu akasema jinamizi limemkalia kifuani,
lataka kuku mweusi.
Jirani, kwa huruma yake: "Ndivyo walivyo hawa, mwachie Mungu."
Hilo *hawa* lilinikaa kooni
kuliko mwiba wa changu.

Tukatoka Wete usiku, tukashuka Mkoani, tukapanda meli ya Unguja.
Daktari, kijana wa Makunduchi, kalamu sikioni,
hakuniuliza nani kamroga.
Aliuliza: "Anakaa kimya kwa muda gani?"
Nikaiweka tasbihi mezani pake,
nikavuta punje kwa mwendo ule ule wa usiku,
yeye akitazama saa.
Ilipofika kumi na tisa alivua miwani.
"Wenye Down wengi huwa hivi," akasema.
"Koo jembamba, misuli laini,
ulimi haupati pa kulala. Si uvivu, mama.
Ubongo unamgutusha mara mia kwa usiku
wala mwenyewe hajui."
Mara mia.
Nami asubuhi nilikuwa nikimwamsha kwa mwiko.

Tonsili zilitolewa. Kimya kikapungua, hakikwisha.
Ndipo ikaja mashine,
ndogo, kadiri ya kibweta cha dhahabu,
ina mpira mrefu na barakoa ya puani.
Usiku wa kwanza aliirusha ukutani.
Wa pili akaificha ndani ya pipa la mchele.
Wa tatu nililia; akanifuta machozi kwa kanga yangu mwenyewe,
wala hakuivaa.

Ikabidi tuanze mchana.
Dakika tano akitazama kandanda, barakoa mkononi.
Dakika kumi puani, mashine imezimwa.
Akamvisha paka. Akanivisha mimi:
upepo ukanijaa kama nimetoa kichwa dirishani mwa gari,
nikacheka, naye akacheka hadi akakaa chini.
Akaipa jina, Faki,
kwa jina la mjomba wake
ambaye naye hupumua kwa kelele.

Umeme wetu una tabia zake.
Kwa usiku wa giza nimemshonea fulana yenye mfuko mgongoni,
ndani mpira wa tenisi, asilale chali.
Akiivaa hujiita ngamia.

Wiki iliyopita Mwalimu Bikombo aliniita.
Nikaenda roho mkononi.
Kumbe Shaame kagombana na mwenzake aliyesinzia darasani;
kamwambia, "Nenda hospitali, wewe!"

Sasa mimi ndiye nisiyelala.
Namsikiliza Faki, taa yake ya kijani ukutani,
na vidole vinatafuta punje, vyenyewe,
havijaambiwa kwamba vita vimekwisha.
Jana usiku Shaame aliinua barakoa kidogo.
"Mama. Napumua. Lala."
Akaishusha, akakaza mshipi mwenyewe.

Nikabaki na tasbihi.
Nikaanza upya, safari hii kwa jina la Mwenyewe,
na sijui nilifika ya ngapi.