Herufi Kumi na Sita

Torrance, Kalifonia, mwaka wa tisini na nne.
Ofisi iko juu ya duka la mazulia,
kiyoyozi kinakohoa, na Lorraine Tsukada
anahesabu herufi kwa ncha ya penseli
kama malenga ahesabuye mizani.
Kumi na sita kwa mstari. Mistari mitatu.
Nafasi nayo ni herufi. Nukta nayo inakula.
Kijapani kinaenea humo kikikunja magoti;
Kiingereza kina miguu mirefu, kinatokeza mlangoni.

Mchezo umetoka Kyoto ndani ya bahasha ya kaki:
karatasi mia saba, bila picha, bila mpangilio,
maneno ya mlinzi wa lango yamefuatwa na ya maiti,
ya maiti na ya muuza vitunguu.
Nani anamwambia nani? Faksi haijibu.
Kule ni usiku wa manane, na Kuwabara aliyeyatunga
amelala chini ya meza yake, viatu vikiwa mto.

Kisha yakaja masharti ya idara ya mauzo.
Mvinyo uwe juisi. Kanisa liwe nyumba.
Asife mtu: semeni ameondoka.
Basi katika mji wa wachimba chumvi
walevi wanapepesuka kwa juisi ya zabibu,
na mjane anamlilia mume aliyeondoka
juu ya kaburi ambalo hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Hayo aliyamudu.
Kilichomshinda ni mwenye nyumba ya wageni,
ile ya mwisho kabla ya mlima.
Hauzi upanga, hana siri. Shujaa akiingia na matope yake
humwambia neno moja tu: otsukaresama.

Lorraine alilijua. Mama yake alilisema kila jioni
akipokea kofia ya baba, mtunza bustani za watu.
Lakini liandike!
Umechoka? Hiyo ni lawama.
Umefanya vizuri? Hapo amesema bosi.
Karibu tena? Hilo ni duka.
Siku mbili kwa neno moja, hadi Pasternak wa mauzo
akachungulia: watoto wanataka kupiga mazimwi, Lorraine.

Nami ninayesimulia, mikono inaniwasha,
maana neno hilo ninalo tangu sijaota meno:
pole na kazi.
Herufi kumi na mbili, nafasi zikiwemo.
Angeweka nukta na bado zikabaki tatu.
Lakini nani angeniuliza? Lugha yangu
haikuwa hata kwenye orodha ya walioachwa.

Akaandika: usiku mwema. Akazima taa.

Osaka walipanga foleni tangu alfajiri, wanafunzi wakatoroka shule.
Amerika walibadilisha jalada:
wakamtoa msichana mwembamba mwenye kandili,
wakachora jitu la misuli na shoka
ambalo ukicheza hadi mwisho hulikuti popote.
Kaseti elfu arobaini zilitengenezwa, elfu kumi na moja zikanunuliwa.
Jarida moja liliipa sita kwa kumi, likalalamika
kwamba kuna kusoma kwingi.
Zilizobaki zilitupwa kwenye kapu la dola tisa,
jirani na soksi.

Kapu moja lilikuwa Toledo, Ohayo.
Curtis Wojcik, miaka kumi, alicheza sauti ikiwa imezimwa,
kwa kuwa mama yake alifanya zamu ya usiku
kwenye kiwanda cha vioo vya magari, akalala mchana.
Asubuhi moja, saa moja, jua limeshatoka,
mama aliingia, akakaa, akaanza kuvua buti.
Mtoto, bila kugeuka, alimwambia: usiku mwema.
Mama akacheka kwanza.
Kisha akabaki na buti moja mkononi.
Tangu siku hiyo alikuwa akingoja pale mlangoni
hadi aambiwe.

Siku hizi kaseti ile, ikiwa na boksi lake,
inapigwa mnada kwa dola mia tisa.
Lorraine hana hata moja.
Walimlipa kwa neno, senti nne.
Kwa yale mawili alipata nane.