Mkasi wa Dirishani

Duka letu liko Kirumba, ukishuka kuelekea Mwaloni;
harufu ya dagaa huingia dirishani kabla ya mgonjwa.
Kazi yangu ni kusoma mwandiko wa daktari.
Kazi ya mkasi ni kusoma uso.

Kashinje alikuja na cheti kilichokunjwa mara nne.
"Shilingi ngapi, mwanangu?"
Nikamtajia. Hakusema kitu.
Aligeukia ukutani, akafungua pindo la khanga,
akahesabu bila sauti, midomo tu ikicheza,
kisha akaweka noti mbili juu ya kioo,
moja imeungwa kwa selotepu.
"Nikatie za hapa."

Kacha.
Vidonge sita kati ya ishirini na kimoja,
siku mbili za dozi ya siku saba.
Na mimi, kwa adabu zote za kazi, nikamwambia:
"Hakikisha unamaliza dozi, mama."
Amalize nini?

Usiku sikulala vizuri.
Daktari hajui bei: cheti chake hakina nafasi ya shilingi.
Mimi sijui ugonjwa: naubahatisha kwa jina la kidonge.
Kashinje peke yake anavijua vyote viwili,
moto wa kibofu na wepesi wa pindo,
na ndiye hatukumuuliza.

Asubuhi nilichukua penseli ya mwanangu wa darasa la pili,
nikapanda nayo hadi zahanati, na orodha mkononi.
Boksi jekundu: elfu kumi na nne.
Boksi jeupe, dawa ileile, kiwanda kingine: elfu tatu na mia tano.
Nikaona elfu hazitoshi, nikaongeza pembeni:
sado nzima ya dagaa.
Robo sado.

Daktari Magesa alivua miwani. "Kumbe?"
Basi, hilo tu,
kutoka kwa mtu aliyeandika boksi jekundu miaka kumi na mmoja.

Bosi wangu hakupenda.
"Wewe unauza au unahubiri?"
Jibu bado sina.

Alhamisi Kashinje alirudi, maradhi yaleyale, cheti kipya.
Pembeni palikuwa na penseli, mwandiko wa daktari.
Aliweka kidole chini ya neno, akalisoma silabi kwa silabi:
ro-bo.
Akaniangalia.
"Kwa nini siku ile hamkusema?"

Mkasi nilikuwa nimeshaushika.
Nikauweka chini polepole,
kama mtu aliyekamatwa nao.