Punje za Mchele

Saa kumi na mbili asubuhi, Soko la Kenya, Lubumbashi,
miavuli bado imekunjwa,
nafungua paja la ngiri kwa kisu cha serikali.

Limesafiri siku tatu juu ya magunia ya makala
kutoka Mitwaba, barabara ya mashimo,
limekaushwa nusu kwa moshi, nusu kwa haraka.
Mwenye mali, Mama Mujinga, amefunga mikono.
Kwao Kasai jina hilo si tusi:
ni la mtoto aliyezaliwa na kitovu shingoni.
Ujinga wenyewe hana hata wa kuazimisha.

Punje nyeupe katikati ya nyuzi za nyama.
"Mchele," anasema. "Basi leo nauza wali na kitoweo chake."
Watu wanacheka. Na mimi, kidogo,
kisha nakumbuka nimevaa koti jeupe.

Nimwambieje?
Hivyo ni vifuko vya tegu wa simba,
safari yao haipiti kwetu, vinangoja meno makubwa zaidi.
Vinatisha macho tu.
Ninayemwogopa haonekani:
amejikunja ndani ya msuli kama utepe wa saa,
na moshi wa juujuu haumwamshi.
Anaamkia tumboni mwa mlaji. Anazaa.
Wanawe wanasafiri kwa damu
hadi kwenye ulimi, kwenye shavu la mguu, nyuma ya kope.

Mwaka juzi walikuja watu sita wa harusi moja,
nyuso zimevimba kama waliolia usiku kucha,
wakaandikiwa dawa ya malaria,
maana huku kila homa ni malaria mpaka ikatae.
Wa saba, Kapya, aliyewapigia ngoma,
hakufika kusema anaumwa wapi.

"Wateja wako wachemshe," namwambia,
"mpaka nyama iuache mfupa yenyewe."

"Kwa makala ya nani?
Mtu ananunua makala ya kikopo,
moto huohuo lengalenga, huohuo bukari,
huohuo maji ya kuogesha mtoto.
Wewe unataka saa tatu!
Serikali imekupa kisu. Ingekupa na gunia."

Fomu yangu ina nafasi ya uzito, ya rangi, ya harufu.

Namwaga mafuta ya taa.
Watoto waliokuwa wakinusa wanarudi nyuma hatua moja,
moja tu.
Mujinga halii. Anakunja turubai lake,
anahesabu kwa vidole deni la mwindaji,
vidole vinakwisha, anaanza upya.

Jioni, Katuba, mama ameniwekea bakuli,
amelifunika kwa sahani.
"Ngiri," anasema. "Jana bibi mmoja wa Kasai
alipita mlangoni, bei ya kindugu."
Siulizi jina.
"Wewe umeshakula?"
"Nimeonja tu, mwanangu. Chumvi."

Narudisha nyama sufuriani,
namimina mbabulani makala yote ya kesho,
nakaa kwenye kigoda, napuliza.
Mama anauliza kama napika nyama au naunguza pesa.
Maji yanachemka, yanakauka, naongeza.
Kwa jirani redio inazimwa, mlango unafungwa kwa komeo.
Nachoma kwa uma.
Mfupa bado umeishika nyama yake.